Shahada ya Ushauri Nasaha na Shajara Tusiyoionyesha



Mwezi uliopita binti yangu, aliye mwaka wa pili wa shahada ya ushauri nasaha katika chuo kikuu kimoja cha hapa Uingereza, alikuja nyumbani na karatasi kubwa nyeupe, akaitandaza juu ya meza ya kulia na kuniambia: "Mama, nataka unisaidie kuuchora ukoo wetu." Nilifurahi mno. Wasomaji wa ukurasa huu mnajua kuwa kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya shajara za nasaba zetu, nikizinakili kutoka katika vijitabu vya wazee, na kuwasumbua wengi wenu kwa simu za usiku. Nikaenda chumbani nikamletea ile ya kwetu, iliyoandikwa na babu yangu kwa hati ya Kiarabu, yenye kupanda kizazi baada ya kizazi mpaka kijiji kimoja cha Sharqiya, Oman.

Akaitazama kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza: "Wanawake wako wapi?"

Mchoro anaotakiwa kuuchora yeye una kanuni zake. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyefariki hukatwa kwa mistari miwili inayopishana. Wanaogombana huunganishwa kwa mstari wa meno ya msumeno, na waliohasimiana moja kwa moja kwa mstari uliokatika. Vizazi visipungue vitatu. Mtindo huu umetokana na wataalamu wa tiba ya familia wa Marekani waliofuata fikra za daktari Murray Bowen, nao ulienea baada ya Monica McGoldrick na Randy Gerson kutoa kitabu chao mwaka 1985. Shajara ya babu inaeleza nani amezaliwa na nani. Mchoro huu unamtaka mwanafunzi atambue alichokirithi bila ya kuambiwa: hofu, ukimya, namna ya kukasirika, hata namna ya kulia. Walimu wake wanaamini kuwa asiyeijua nyumba aliyotoka atakuja kumchanganya mteja wake na mama yake mzazi.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipomfikia mama yake babu. Hapo nikanyamaza.

Wengi wenu mtakuwa mmekwisha kujua kwa nini, kwa kuwa katika shajara zenu pia pana mahali pa namna hiyo. Mama yake babu alikuwa suria. Alitoka bara, na kwetu hutajwa kwa neno moja tu, "mamake babu", kama kwamba hakupewa jina siku ya saba kama watu wengine. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, kwa hoja kuwa wao ni kama wake wa nyumbani. Ikabidi kungojwa amri ya mwaka 1909. Babu yangu alizaliwa katikati ya miaka hiyo miwili. Kwa sheria yetu mtoto wa suria ni huru na ni mrithi sawa na ndugu zake, na ndiyo maana jina lake limo katika shajara bila ya doa. Jina la mama yake halimo.

Binti yangu akachora duara, akaliacha tupu, akaniuliza kama anaweza kuwauliza wakubwa. Nikafanya kosa la kulipeleka swali hilo katika kikundi chetu cha simu, mahali ambapo kwa kawaida hutumiana dua za Ijumaa na picha za harusi. Ami yangu wa Maskati alijibu kwa sauti, dakika nne nzima. Sitaki kumvunjia heshima, kwani yeye ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa na baba. Alisema kuwa elimu hii ni ya watu wasio na jamaa, wanaolipa fedha ili wapate wa kumwambia shida zao. Kwamba sisi tuna wazee. Na kwamba mtoto asomeshwaye ili aje afukue makaburi ya kwao ni afadhali asome uhasibu. Binamu mmoja akaongeza kuwa kama lazima, basi kuna kozi za wiki sita, haina haja ya miaka mitatu.

Nataka niwajibu hapa, kwa kuwa najua hawako peke yao.

Nianze na binamu, jibu lake ni fupi. Hapa Uingereza cheo cha mshauri nasaha hakilindwi na sheria. Yeyote anaweza kubandika kibao mlangoni na kuanza kupokea watu. Kwa sababu hiyo hiyo shahada kamili ina thamani, hasa ile iliyoidhinishwa na chama cha fani hiyo, BACP, ambacho humtaka mwanafunzi akae na wateja wa kweli kwa muda usiopungua saa 100, huku msimamizi mwenye uzoefu akimfuatilia. Kuna madarasa ambayo wanafunzi hukaa watatu watatu: mmoja anaeleza jambo lake, wa pili anasikiliza, wa tatu anamtazama msikilizaji na kumwambia wapi alimkatiza mwenziwe au alikimbilia kutoa dawa kabla ya kusikia ugonjwa. Nimemwona binti yangu akirudi kutoka darasa hilo amechoka kuliko siku za mtihani. Wiki sita hazitoshi hata kuacha tabia ya kudakia maneno, na sisi watu wa mwambao tunajijua kwa kudakia.

Ami nina maneno naye zaidi. Ni kweli tuna wazee, na ni kweli neno lenyewe "nasaha" kwetu maana yake ni kuambiwa la kufanya. Mzee hukuita barazani, akakupa kahawa, akakwambia: subiri, rudi kwa mumeo, msamehe nduguyo. Carl Rogers, ambaye kitabu chake cha mwaka 1951 ndicho kilichoujenga mtindo anaosomeshwa binti yangu, alikuwa na mtazamo wa kinyume: mshauri hashauri. Anamsikiliza mtu kwa kumthamini bila ya masharti mpaka mwenyewe aione njia yake. Kwa hiyo jina tulilolipa fani hii kwa Kiswahili, na ambalo wengi walilisikia kwanza katika kampeni za ukimwi, linamwahidi mtu kitu ambacho mshauri wenyewe kwa makusudi hakitoi. Sioni haya kukiri kuwa mtindo wetu umewaokoa wengi. Lakini ulikuwa na sharti moja, kwamba mzee mwenyewe awe hana jeraha lile lile. Baada ya Januari 1964, wazee wetu walikuwa nalo.

Mama yangu alifika Dubai kwa jahazi akiwa msichana, kisha akaja huku na mumewe. Miaka arobaini aliyoishi nchi hii hakulala bila ya kuweka viatu vyake mlangoni, ncha zikitazama nje. Tulidhani ni mazoea. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu wote wa rika lake walikuwa na viatu vyao wenyewe. Nani angekuwa mzee wa kumpa nasaha?

Alipokuwa mgonjwa miaka ya mwisho alimwambia daktari, kwa kinywa cha mkalimani, kuwa moyo unamuuma. Akapelekwa kupigwa picha ya moyo. Picha ikatoka safi, akarudishwa nyumbani na vidonge vya kumpatia usingizi. Mkalimani hakukosea hata neno moja. Ila ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu aliyejua kuwa kwetu huzuni hukaa hapo hapo moyoni, na kuwa mtu anayesema hivyo anaomba aulizwe, "Umekupata nini?" Nawaza ni wangapi katika mama zetu, Birmingham na Portsmouth na kwengineko, waliopita mlango huo huo.

Kuhusu stara, naafikiana na ami zaidi ya anavyodhani. Dini imetuamrisha kusitiriana. Lakini aibu ya maiti aijuaye mwosha; tumekubali tangu zamani kuwa pawepo mtu mmoja anayeona kila kitu, na kwa kuwa anaona ndiyo anafundishwa kunyamaza. Binti yangu anafundishwa vivyo hivyo, tena kwa kiapo kikali kuliko chetu, kwani mimi mwenyewe haniambii jina la mteja wake hata mmoja. Mchoro ule utasomwa na mwalimu wake tu. Tulichomfanyia mamake babu sikiiti stara. Aliyesitiriwa hubakiwa na jina lake. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 kuwa mama yake alikuwa suria wa Kicherkasi, akamtaja na kumlilia bila ya haya. Ikiwa mtoto wa Sultani hakuona aibu, sisi aibu yetu inatoka wapi? Nashuku inatokana na kule alikotoka mama huyo. Angelikuwa Mcherkasi, pengine jina lake tungelitia katika shajara kwa wino mwekundu.

Sisemi shahada hii haina kasoro. Mtindo wake humkalisha mtu peke yake na mgeni, dakika hamsini, kisha mlango unafungwa. Watu wetu huja na dada, na pengine na shangazi. Na gharama ni nzito: karo ni zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka, na mkopo wa serikali una riba. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuruhusu mkopo usio na riba, na miaka yote hii vijana wetu wamekuwa wakiusubiri. Sisi tulichangishana, kama tulivyochangia madaktari na wahandisi wa ukoo, na namshukuru kila aliyetoa, ami akiwa wa kwanza. Ninachomwomba sasa ni kile ambacho binti hawezi kukinunua kwa mchango wetu. Daktari hakutuomba tumwambie mama yake babu ni nani. Huyu anatuomba, kwa kuwa ndiyo somo lenyewe.

Kazi yake inatakiwa chuoni kabla ya Ramadhani. Ami hajajibu ujumbe wangu wa pili. Lakini shangazi, dada yake, ambaye katika kikundi hasemi kitu ila "Amin", alinipigia juzi baada ya Isha, akaniuliza hali, akaniuliza bei ya ndizi huku kwetu, kisha akasema: "Huyo mtoto yupo karibu? Mpe simu, halafu wewe toka kidogo."