Lupusi: kinga ya mwili inapoanza upya

Katika makanisa yetu wako dada wenye maumivu ya viungo, nywele zinazokatika, na mabaka usoni yenye umbo la kipepeo. Watu hunong'ona kwamba wamelogwa. Pengine ni lupusi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ngozi, viungo na figo za mtu mwenyewe. Sisi wa mashariki tunamjua askari anayewageuzia bunduki wale aliotumwa kuwalinda.

Mwaka 2021 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, pamoja na Profesa Georg Schett, walitangaza habari za binti wa miaka 20 mwenye lupusi kali. Walichukua seli za T kutoka damu yake, wakazibadilisha maabarani ziwinde seli za B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili zinazoumiza mwili, kisha wakamrudishia. Mwezi wa pili 2024 walitoa matokeo ya wagonjwa 15. Wanane walikuwa na lupusi, na wote wanane walipata nafuu, wakaacha dawa za kushusha kinga.

La ajabu ni hili: seli za B zilitoweka, na baada ya karibu miezi minne zikarudi zikiwa changa, bila ule uadui. Hata hivyo kinga ya chanjo, kama ya surua na pepopunda, kwa sehemu kubwa ilibaki, kwa sababu seli za zamani zinazoitunza hazikuguswa.

Lakini tusidanganyike. Kabla ya tiba hiyo mgonjwa hupewa dawa kali, wengi hupata homa baada yake, na maambukizi huweza kufuata. Tiba ya namna hiyo kwa saratani ya damu ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2017, bei yake ilikuwa dola 475,000. Tena ile ya Erlangen hutengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Basi anayewauzia "sindano ya Ujerumani" katika chupa ni mwongo.

Wachungaji wenzangu, tusimwambie mgonjwa atupe vidonge vyake kwa sababu tumemwombea. Tumwombee, kisha tumsindikize hospitali apimwe damu na mkojo, maana figo huharibika kimyakimya. Na yule dada tusimwite mchawi wala aliyelogwa. Ni mgonjwa, na ni wetu.