TUMWITEJE MWENZETU?

Siku hizi umezuka ubishi mikutanoni, katika mabasi, na hata mezani nyumbani, juu ya namna ifaayo kuwaita baadhi ya wenzetu. Neno ambalo baba zetu walilitamka bila wasiwasi, leo likimtoka mtu huambiwa aombe radhi. Wako wasemao kwamba "kilema" si neno la kumwitia binadamu, na kwamba yafaa kusema "mtu mwenye ulemavu". Wako pia wasemao kwamba huko ni kujikalifisha bure, kuiharibu lugha na kuiga adabu za wageni. Kwa kuwa wasomaji wetu wamo katika pande zote mbili, twaona ni wajibu wetu kusema wazi tunavyoamini.

Kwanza tuwatendee haki wanaopinga. Wao husema kwamba ngeli ya KI na VI haikuwekwa kwa dharau, maana kijana, kinyozi na kiongozi wamo humo humo, wala hatujapata kumsikia kiongozi hata mmoja akilalamika. Huongeza kwamba twasema kipofu "amekuja", wala hatusemi "kimekuja". Basi sarufi yenyewe imekwisha kumhesabu kuwa mtu. Hata wahenga waliotuonya kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika, walilitumia neno hilo hilo, na nia yao ilikuwa kumlinda aliyelemaa. Na viziwi wenyewe wa Tanzania walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi, wala hawakuona haya. Hizi si hoja za kupuuzwa.

Lakini hazimalizi jambo. Neno halikai katika kamusi peke yake. Hutoka katika kinywa cha mtu likaingia katika sikio la mwingine. Zamani za ukoloni, mtu mzima mwenye mke na watoto, na pengine mvi kichwani, aliitwa "boi" na bwana aliyemwajiri. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya mtoto wa kiume tu, wala si tusi. Je, wafanyakazi wa siku zile walipolichukia walikuwa wakiharibu lugha? Hata kidogo. Walijua kwamba aitwaye mtoto hulipwa ujira wa mtoto, na hakuna amwulizaye shauri lake. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, neno "ndugu" lilienea ofisini na viwandani, mkubwa na mdogo wakaitana kwalo. Kwa hiyo anayedai kwamba kuchagua maneno ni mambo ya kigeni, ameisahau historia yake mwenyewe.

Tena yako maneno yaliyoandamana na mauaji. Watu wenye ualbino waliitwa "zeruzeru" tangu zamani, na pamoja na jina hilo zikatembea hadithi kwamba wao si watu kama sisi, kwamba hawafi bali hutoweka. Mauaji yao yalipotangaa katika Kanda ya Ziwa miaka ya 2007 na 2008, wengine wao walikuwa wakipita njiani wakapigiwa kelele za "dili", kana kwamba ni bidhaa. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoshika panga. Panga lilishikwa na tamaa pamoja na ushirikina. Lakini mtu aliyekwisha kuzoea kumwita mwenzake bidhaa hayuko mbali na soko. Wananchi wa Lindi Mjini walitoa jibu bora mwaka 2010, walipompigia kura Bwana Salum Khalfani Bar'wani awe Mbunge wao, naye akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na jimbo katika nchi hii.

Hata hivyo, wale wanaokazana kusahihisha maneno nao wana jambo la kujibu. Tulipata kuhudhuria mkutano wa wafanyakazi wa karakana moja, ambako fundi mmoja mwenye mguu uliolemaa alikuwa akiitwa "Kiguru" na wenzake. Mkutano ulikaa saa mbili ukibishana kuhusu jina lifaalo. Mmoja alitaka hili, mwingine lile, na wasomi wakashindana kwa sarufi. Mwisho fundi mwenyewe aliomba nafasi ya kusema. Akawaambia kwamba analo jina, lile lililoandikwa katika kadi yake ya kazi; na kwamba kama wanampenda, basi waitengeneze njia ya chooni, kwa kuwa ina ngazi tano na haina pa kushika. Watu wakainama. Kwa saa mbili hakuna aliyekuwa amemwuliza neno.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua 3 katika kila 100, maadamu wanazo sifa za kazi. Mwajiri anayelitamka jina jipya kwa ufasaha jukwaani, na huku hana hata mmoja wao katika orodha ya mishahara, amejipaka marashi juu ya jasho. Na sisi tulio wanachama tusiwanyoshee kidole waajiri peke yao. Wangapi kati yetu humwita "hausigeli" mama wa watu anayetupikia na kutulelea watoto, na mwisho wa mwezi tukamwambia angoje?

Kwa maoni yetu, kanuni ni nyepesi. Mwenye jina ndiye wa kuulizwa. Viziwi wamechagua kuitwa viziwi, na tuwaite hivyo. Ndugu zao wasioona wana Chama cha Wasioona, basi tusiwabandike jingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wala si kazi ya mwenye macho kuamua ni neno gani limchomalo asiyeona.

Pia tusimwaibishe mzee wa kijijini anayesema "kilema" kwa kuwa hakufundishwa neno jingine, hali yeye ndiye amwongozaye jirani yake mpaka zahanati. Huyo aambiwe kwa upole, naye atasikia. Wa kukemewa ni yule ajuaye neno jema akalitumia kuficha tendo baya.

Wenzetu wana haki ya kuitwa kwa heshima na haki ya kupata kazi, njia na ujira. Hatuwezi kuwalipa deni la kwanza tukadhani kwamba tumelipa na la pili. Hujafa hujaumbika, ngazi tutakazozitengeneza leo kwa ajili ya fundi yule, huenda kesho tukazihitaji sisi wenyewe.