Ngoma Yako Imeuza Ploti, Wewe Umelipwa Soda

Hii hapa bajeti ya kawaida ya tangazo la ploti Nakuru. Droni, elfu nane. Dada wa kutembea kwenye nyasi akitabasamu, elfu tatu. Mafuta ya gari kwenda Kiamunyi na kurudi, elfu mbili. Muziki, sufuri.

Sasa tangazo likishatoka, uliza watu wanakumbuka nini. Hakuna atakayekutajia droni. Watakuimbia kiitikio. Kile kitu kilichobeba tangazo lote mgongoni ndicho pekee ambacho hakikulipiwa hata mia.

Mimi huhariri video. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, nikajifunza kukata picha kwa simu, na leo wateja wangu ni wauza ploti, vinyozi, mama wa keki na hoteli ndogondogo kutoka Lanet hadi Naivasha. Kila kazi huja na ombi lile lile: "Buda, weka ile ngoma inabamba saa hii." Nikiuliza kama wameongea na mwenye ngoma, wananitazama kama nimewaomba figo. Mwaka huu wateja wawili wamenihama kwa sababu ya hilo swali. Wamepata mwenye haulizi.

Na bado nitauliza, kwa sababu wimbo ndani ya tangazo ni mfanyakazi. Anauza. Mfanyakazi hulipwa.

Kwanza tuondoe mkanganyo mmoja. Wenye maduka wengi Barabara ya Kenyatta wakishalipia leseni ya kucheza muziki na kubandika stika ukutani, wanadhani wamemaliza. Ile leseni ni ya kucheza muziki mbele ya wateja, dukani au hotelini. Haikupi ruhusa ya kuchukua wimbo, kuushikanisha na picha za bidhaa yako na kuusambaza mtandaoni. Hiyo ni ruhusa nyingine kabisa, na unaitafuta kwa wenye wimbo au anayewasimamia. Wenyewe huwa pande mbili: aliyetunga, na anayemiliki ile rekodi, ambaye mara nyingi ni prodyuza au lebo. Msanii akikwambia "tumia tu, boss", huenda hata si yeye wa kusema hivyo.

Kama unadhani haya ni mambo madogo, kumbuka Mei 2022. Muungano wa Azimio ulipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, wimbo wa Sauti Sol, Extravaganza, ulitumika. Bendi ikatoa taarifa kwamba haikuombwa ruhusa, na kwamba haifungamani na chama chochote. Mitandaoni baadhi ya watu waliwacheka. Eti wangeshukuru kuchezewa ngoma na wakubwa. Lakini siasa pia ni tangazo, bidhaa tu ndiyo tofauti. Ukitumia sauti yangu kuuza mgombea wako, umewaambia watu niko upande wako. Hata kama ningekuwa upande wako, ungeniuliza kwanza.

Sasa, najua jibu ninalopewa kila siku: "Lakini tunamsaidia msanii ajulikane." Sitasema ni uongo mtupu. Tangazo linaweza kufufua wimbo, na Wajapani wana ushahidi. Mwaka 1983 mwanamuziki Tatsuro Yamashita alitoa wimbo unaoitwa Christmas Eve. Ulipotoka haukufika kileleni. Miaka mitano baadaye kampuni ya reli ya JR Tokai ikaanza kuutumia kwenye matangazo ya treni za msimu wa Krismasi, na Desemba 1989 ukashika namba moja Japani. Miaka sita baada ya kutoka! Kule wimbo kutoka kupitia tangazo la vipodozi au la treni ni njia ya kawaida kabisa ya kuwa hiti.

Tofauti ni kwamba kule kuna makubaliano kabla wimbo haujasikika. Na kuna kajambo kadogo ninakopenda zaidi: mara nyingi kwenye kona ya skrini wanaandika jina la wimbo na la msanii, herufi ndogo tu. Ukiupenda, unajua utamtafuta nani. Hiyo haigharimu hata shilingi moja. Kwa hivyo wewe unayeniambia unamsaidia msanii ajulikane, mbona kwenye video yako kuna namba yako ya simu mara tatu na jina lake halipo hata mara moja?

Nina rafiki anayerap, kijana wa Kaptembwo. Kampuni fulani ya ploti ilichukua kiitikio chake, ikakitandika chini ya video ya dakika moja. Video ikaenda mbali, hadi watu wakawa wanauita "ule wimbo wa ploti". Alipoenda kuuliza, alipewa soda, akapigwa picha na meneja, akaambiwa ajivunie kujulikana. Nani alimjua? Siku hizi anaendesha bodaboda na hajaingia studio tangu mwaka jana. Ploti ziliisha zote.

Na yeye angalau aliuona huo mchezo. Kuna wazee wetu wa nyimbo za Kikalenjin na Kikuyu ambao hawajui chochote. Siku ya soko ukienda Molo au Njoro utakuta gari la spika likiuza dawa ya ng'ombe kwa wimbo wa mzee ambaye pengine yuko shambani kwake, hana habari kwamba ameajiriwa. Hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi kuwa wa bure.

Kampuni kubwa hazichezi hivi, kwa sababu zina mawakili. Wengi wetu tunakumbuka lile tangazo la Niko na Safaricom, watu wakiimba kwenye mandhari ya nchi nzima. Wimbo ulibeba kampuni nzima. Wakubwa wanajua thamani ya muziki. Wanaojifanya hawajui ni sisi wa chini, tena tunaibiana wenyewe kwa wenyewe, hasola kwa hasola.

Serikali nayo imeshughulikia upande mmoja. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio ya kupokelea simu, kama ile ya Skiza. Kwenye matangazo hakuna asilimia iliyowekwa. Ni mapatano yenu wawili, na hapo ndipo msanii mchanga hupigwa, kwa sababu huingia mkono mtupu.

Kwa hivyo, mwenye biashara, huwezi kumudu Sauti Sol. Sawa, hata mimi siwezi. Lakini Nakuru hii, kutoka Rhonda hadi Free Area, imejaa vijana wenye studio za chumbani ambao wanaweza kukutungia kitu kipya wiki hii kwa bei ya ile droni. Utapata wimbo wako mwenyewe, ambao hautazimwa sauti na Facebook katikati ya kampeni. Hata TikTok, ukiwa na akaunti ya biashara, hukuruhusu tu nyimbo zilizoidhinishwa kwa matangazo. Njia ya mkato imeshaanza kufungwa.

Na wewe msanii, usikubali maneno matupu. Hata ukurasa mmoja unatosha, mradi umetiwa sahihi. Andika mambo manne: wimbo utatumika wapi, kwa muda gani, kwa pesa ngapi, na jina lako litatokea wapi kwenye skrini. Tangazo likitoka Facebook likaenda runinga, mnaketi tena na bei inapanda. Na usiuze hakimiliki yote kwa sababu ya njaa ya wiki moja. Sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi, kwa hivyo soma unachotia sahihi. Kazi ni yako tangu ulipoirekodi, lakini isajili na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, uwe na karatasi siku ya ubishi.

Wahariri wenzangu, sisi ndio mlango. Hakuna ngoma inayoingia kwenye tangazo bila mkono wetu kuiburuta hadi pale. Tukianza wote kuuliza swali moja, "mwenye wimbo amesemaje?", mteja hatakuwa na pa kukimbilia. Atanuna wiki moja. Ya pili ataongeza mstari kwenye bajeti.