Msimamizi si mwenye mali

Jamaa wengi wa marehemu hapa Tanzania Bara, wakiisha kupata cheti cha kifo na kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo, na muda wa tangazo la Mahakama ya Mwanzo ukiisha kupita bila ya pingamizi, hudhani ya kuwa shughuli imekwisha siku ile msimamizi wa mirathi anapokabidhiwa barua ya uteuzi yenye muhuri. Kumbe hiyo ni idhini tu ya kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kumpa kila mrithi haki yake. Kanuni zamtaka msimamizi, katika muda wa miezi 4 tangu kuteuliwa, ila mahakama ikimwongezea muda, awasilishe Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni yote, na baadaye hesabu za mirathi katika Fomu Na. 6. Nimeona nyumba ya urithi ikipangishwa miaka na miaka, kodi ikiingia mfukoni mwa mmoja, na mjane na mayatima wakiambiwa wasubiri. Enyi warithi, msione haya kwenda mahakamani kudai hesabu. Msimamizi akihini amana, mahakama ina mamlaka ya kumwondoa na kumteua mwingine.