Jina la Adhabu Lisibadilishwe

Tangu kidato cha kwanza twaonywa kwamba katika insha ya Kiingereza si vizuri kurudia neno moja mara nyingi. Onyo hilo ni jema tukieleza safari au mandhari. Lakini katika habari za adhabu za sheria, mimi naona afadhali kurudia neno mara kumi kuliko kulibadili likawa uwongo.

Mwaka 1895, mjini London, mwandishi Oscar Wilde alihukumiwa kifungo cha miaka miwili pamoja na kazi ngumu, "hard labour". Mwanafunzi akichoka kurudia maneno hayo huenda akaandika "penal servitude", akidhani ni yale yale. Sivyo. Hiyo ilikuwa adhabu nyingine, iliyoanzishwa mwaka 1853 ishike mahali pa kuwapeleka wafungwa ng'ambo, na miaka yake ilikuwa mingi zaidi. Uingereza ilizifuta zote mbili mwaka 1948.

Vivyo hivyo "convicted" ni kuonekana na hatia, na "sentenced" ni kutajiwa adhabu. "Probation" ni kuachwa nje chini ya uangalizi badala ya kufungwa; "parole" ni kutolewa kabla kifungo hakijaisha.

Kosa hili limenifika mwenyewe. Ndugu yangu alipowekwa mahabusu, nilimwandikia rafiki ya baba barua ya Kiingereza kumwomba msaada. Kwanza niliandika "remanded". Chini yake, ili nisirudie, nikaandika "imprisoned". Mzee yule akaamini kesi imekwisha, wala hakwenda kumdhamini. Ndugu yangu akalala ndani wiki tatu zaidi, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri sana!

Wengine watasema kwamba kurudia neno huchosha msomaji. Ni kweli. Basi na tuunganishe sentensi, tutumie "he" na "it", tupunguze maneno yasiyo na kazi. Jina la adhabu lenyewe tuliache. Hata Waingereza wanajua jambo hili: H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926, aliwacheka waandishi wanaobadili maneno kwa ajili ya urembo tu.

Wenzangu, na ninyi wazee wa shule mnaoandika barua za ofisi, mfungwa hajali uzuri wa insha yetu. Ataka ijulikane kweli amefungwa kwa nini, na mpaka lini.