Mtume Aliyeshushwa kwa Kapu

Mahubiri ya "mwanamume wa kibiblia" yamepamba moto kwenye mimbari nyingi. Anayesifiwa humo ni mtu wa amri, asiyelia wala kukiri kushindwa, na vijana wanahimizwa wamrudie kana kwamba ndiye aliyekuwapo tangu kanisa la mwanzo. Mhubiri wa namna hiyo angepata tabu kumkaribisha Paulo mwenyewe madhabahuni.

Ulimwengu aliohubiri Paulo ulikuwa na kipimo chake. Kwa Kilatini, virtus, yaani ushujaa na tabia njema, ni neno lililozaliwa na vir, mwanamume. Mwanamume kamili alitawala: nyumba yake, watumwa wake, hasira na machozi yake. Sheria ya Roma ilimpa baba wa kaya mamlaka ya uhai na kifo juu ya wanawe. Raia alikingwa asichapwe viboko, maana kuchapwa kulikuwa fungu la mtumwa. Naye askari wa kwanza kuukwea ukuta wa mji wa adui alivikwa taji la dhahabu.

Sasa fungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 11. Paulo anataka kujisifu, basi anahesabu: mara tano viboko 39, mara tatu fimbo, mara moja mawe. Kisha anamalizia na kisa cha Dameski, alipopitishwa dirishani na kuteremshwa ukutani ndani ya kapu ili asikamatwe. Korintho ilikuwa koloni la Roma, kwa hiyo kipimo kile cha Kirumi kilijulikana huko. Askari hupanda ukuta akapata taji; mtume ameshuka ukutani kama mzigo wa sokoni, naye anaiandika habari hiyo kwa moyo mkunjufu, iwe sifa yake.

Ni kweli kwamba Paulo huyohuyo aliwaambia Wakorintho watende kama wanaume. Lakini kwa Wathesalonike alijifananisha na mama anayenyonyesha, na kwa Wagalatia alisema yumo katika utungu wa kuzaa. Anayehubiri la kwanza na kuyanyamazia haya mawili anawapa waumini nusu ya Paulo.

Wapinzani wa kanisa waliuona mapema udhaifu huu usiolingana na kipimo cha Kirumi. Celsus, mwanafalsafa wa karne ya 2, alimdhihaki Yesu kwa kuomboleza na kuomba aepushwe na kifo. Wakristo wangeweza kuificha habari ya Gethsemane, alikoomba hivyo, wakapumua. Hawakuificha.

Wala Wakristo hawakuwa na kauli moja juu ya uanaume. Mwandishi Mkristo Clement wa Aleksandria alizitetea ndevu kama alama ya mwanamume na kuwakemea waliozinyoa. Katika mji huohuo, kijana mmoja Mkristo alimwomba gavana ruhusa ya kuhasiwa, ili watu waache kuwasingizia Wakristo uzinzi, akanyimwa. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea ulipiga marufuku waliojihasi kwa hiari yao kuwa makasisi.

Walioutikisa uanaume wa Kirumi kuliko wote, hata hivyo, walikuwa wanawake. Machi 203, mjini Karthago, katika Tunisia ya leo, waliingizwa uwanjani wauawe kwa ajili ya imani yao Perpetua, mama wa miaka kama 22 mwenye mtoto wa kunyonya, na Felisita, mtumwa aliyekuwa amejifungua gerezani. Wakatoliki huyasikia majina yao hadi leo katika Misa. Perpetua aliacha maandishi ya gerezani, na humo anasimulia ndoto: amevuliwa nguo tayari kwa pambano, akajikuta amekuwa mwanamume. Hapo kanisa la kale linastahili kulaumiwa, kwa kuwa hata shujaa wake wa kike aliazimwa mwili wa kiume ndipo ashinde.

Lakini siku ya kufa hakuazimwa kitu. Ng'ombe mkali alimrusha. Akaketi, akavuta vazi lililoraruka afunike paja, akatafuta kibanio na kuzifunga nywele zake. Mwishowe akaletewa mpiganaji kijana, asiye mzoefu, amchinje. Upanga uligonga mfupa, Perpetua akapiga kelele. Kisha akaushika mkono wa kijana yule, uliokuwa ukitetemeka, akauelekeza mwenyewe kooni.