Mwembe Umeonewa

Choo cha ndani kinaanza kurudisha maji. Fundi anaitwa, anafungua chemba, anaingiza mkono na kuvuta fungu la mizizi refu kama mkia wa ng'ombe. Kabla jua halijazama shoka limeshaletwa na mwembe wa uani umehukumiwa. Jambo hili linazidi katika wilaya zetu za Kasulu na Kibondo kadiri nyumba zenye vyoo vya kuvuta maji zinavyoongezeka, na sisi tunasema wazi: mara nyingi mwembe umeonewa.

Mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu tu. Huku kwetu milimani mvua zikikatika mwezi Mei, udongo hukauka hadi zirudi karibu na Oktoba, na katika miezi hiyo sehemu pekee ya ua yenye maji na mbolea kwa pamoja ni pale bomba la choo linapovuja. Kijizizi chembamba hupenya kwenye ufa ambao jicho halioni. Kikishaingia hujitawanya, hunasa karatasi na mafuta ya jikoni, kisha hunenepa hadi kuupanua ule ufa uliokiingiza. Kwa hiyo swali la kwanza si huu ni mti gani. Swali ni nani aliyeacha ufa.

Jibu wengi wetu tunalijua. Bomba la PVC limechomwa kwenye moto wa mkaa ili mdomo wake upanuke na kulimeza jingine, eti kuokoa bei ya soketi. Gundi haikupakwa, au ilipakwa kwenye bomba lenye udongo. Mtaro ulichimbwa kina cha kiganja, bomba likalazwa juu ya jiwe bila mchanga, na lori la kwanza la matofali lililopita juu yake likayaachanisha maungio. Chemba nayo imejengwa kwa matofali ya kuchoma na haikupigwa plasta kwa ndani. Hapo mizizi haihitaji hata kutafuta njia.

Ukiukata mti umeondoa mizizi ya leo, uvujaji umebaki. Majitaka yataendelea kunywea ardhini kuelekea kisima, chako au cha jirani. Na kama mti wenyewe ni mkaratusi, kisiki kitachipua tena. Kuzibua kwa waya kunasaidia kwa muda, kwa sababu mzizi uliokatwa huota upya. Halafu kuna wanaopendekeza kumwaga mrututu chooni, dawa ambayo wakulima wetu wa kahawa wanaifahamu vizuri. Kweli mrututu unaua mizizi. Unaua pia vijidudu vinavyosaga uchafu ndani ya karo, na shaba iliyomo haiozi. Inabaki kwenye udongo ambao baadhi yetu tunachota maji chini yake. Mrututu tunaukataa.

Tiba ni jembe. Fukua, kata kipande kilichoingiliwa, weka kipya kwa soketi na gundi, kilaze juu ya mchanga, na kila mita moja ishuke kama sentimita 2 hivi. Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji na usubiri nusu saa. Yakishuka, kuna mahali panavuja. Kipimo hiki kinagharimu ndoo chache za maji, na bado mafundi wengi hawakifanyi kwa sababu hakuna anayewadai.

Hatuandiki haya ili watu waache kupanda miti. Wilaya hizi zimelipa kuni nyingi tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipoanzishwa mwaka 1996 na Nduta ilipofunguliwa upya mwaka 2015, na anayepanda mti hapa anarudisha deni. Lakini kila ifikapo Aprili 1, siku ya kitaifa ya kupanda miti, miche hugawiwa, picha hupigwa, na ni nadra mtu kuambiwa aupande wapi. Tumezoea kuimbiwa mita 60 kutoka chanzo cha maji, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Uani kwetu hatuhesabu hata mita tano. Mkaratusi na mtini vikae mita 10 au zaidi kutoka bomba na karo. Mpera na mlimau vinaweza kusogea karibu. Mwembe na mparachichi vipewe nafasi kubwa kuliko tunavyofikiri mche ukiwa na urefu wa goti.

Halmashauri za Kasulu na Kibondo zina nafasi mbili za kulimaliza hili bila kutumia fedha nyingi. Ofisa anayegawa miche ataje umbali pale pale anapoikabidhi. Na mkaguzi wa majengo asiishie kutazama kuta na paa: alione bomba kabla halijafukiwa, na mchoro wa kibali uonyeshe linapita wapi, ili atakayenunua nyumba baadaye asipande mfenesi juu yake.

Mwenye nyumba naye asimalizie malipo ya fundi kabla hajaona kwa macho yake maji yametulia bombani nusu saa nzima.